Maua ya Kiangazi: Mwongozo Kamili wa Kukuza Waridi la Jangwani, Kaktasi na Mimea Mingine Minofu

Masika ya kwanza tangu nianze kufuga mimea hii hapa Tanga, nilipoteza vyungu 9 kati ya 14. Nilikuwa nimeipanda kwenye udongo mzuri mweusi wa bustani, na kila jioni niliimwagilia kama mchicha. Mvua zilipoanza nikaiacha uani inyeshewe, nikiamini naifanyia hisani. Kufikia mwezi wa tano mashina yalikuwa yamelainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na nilipoyavuta yakatoka mikononi yakiacha mizizi chini, yananuka. Mimea ile haikufa kwa ukame. Niliiua kwa maji.

Mwongozo huu wote unatokana na hapo. Mmea mnofu, yaani unaoweka akiba ya maji mwilini, umeumbwa kuishi kati ya mvua na mvua, na wengi wao hutoa maua yao bora kiangazi kinapowaka. Ukitaka maua, upe mmea kiangazi chake: jua kali, udongo unaokauka haraka, na kipindi cha kiu kinachofuatwa na maji ya kutosha.

Chagua mmea unaoendana na mahali ulipo

Waridi la jangwani ndio mmea ninaoupenda kuliko yote, na ndio nitakaouzungumzia zaidi. Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum, na Adenium inatokana na Aden, mji wa bandari wa Yemen. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål, aliyefia Yemen mwaka 1763, ndiye aliyeuandika kwanza, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1775 baada ya kifo chake. Lakini usidhani ni mgeni kwetu. Unaota wenyewe Tsavo, Mkomazi, Samburu na Baringo, na ng'ambo ya bahari unaota kwenye milima ya Dhofar, Oman. Ukipita porini Tsavo wakati wa ukavu utauona umepukutisha majani yote, shina limevimba kama mtungi, na juu yake maua ya rangi ya waridi yamejaa tele huku kila kitu kandokando kimekauka.

Ile inayouzwa kwenye vitalu vya barabarani yenye maua ya tabaka mbili au tatu, mekundu iliyokolea, ya njano au ya zambarau, mara nyingi ni ya kubebeshwa, na aina nyingi kati ya hizo zilizalishwa Thailand na Taiwan. Kabla ya kulipa, tazama shina kwa karibu. Utaona kovu la mshazari au la mfano wa herufi V pale tawi la ua zuri lilipounganishwa na shina la kawaida. Likumbuke kovu hilo, maana chipukizi lolote litakalotoka chini yake ni la shina mama. Likiachwa litanyonya nguvu na kulizidi lile ulilolilipia. Likate mapema.

Kwa anayeanza kabisa, ningemwambia anunue taji la miiba, lile lenye asili ya Madagaska, linalochanua karibu mwaka mzima na kusamehe makosa mengi. Potulaka nayo ni rahisi: vipande vyake huota ukivichomeka tu, na maua hufunguka jua linapopanda na kujifunga jioni. Mshubiri usiukose. Unapotoa mlingoti wake wa maua, ndege chozi huja asubuhi hadi jioni kufyonza, na hilo peke yake linatosha kuupa nafasi uani.

Kaktasi halisi karibu zote asili yake ni Amerika. Aina moja tu, Rhipsalis baccifera, inaota yenyewe pia Afrika, ikining'inia juu ya miti ya msituni. Kwa hiyo mti ule mkubwa wenye mikono ya miiba unaouona Dodoma au Naivasha sio kaktasi. Ni jamaa ya mnyaa, na utamtambua kwa utomvu mweupe kama maziwa. Mpungate nao, ule wa mapande bapa yenye miiba, uliletwa kutoka Amerika, na Laikipia umevamia malisho kiasi cha kuumiza mifugo. Ukiwa nao nyumbani, usitupe vipande vyake porini wala kando ya mto. Kila kipande ni mche.

Zile za mfano wa ua la rangi ya kijivu au samawati, echeveria, hupenda usiku wa baridi. Arusha, Nairobi, Lushoto na Mbeya zinapendeza ajabu. Pwani nimezijaribu mara nne, na joto la usiku huzichosha zikalegea na kuoza. Nimeacha kuzinunua, na mkazi wa pwani nampa ushauri huohuo.

Jambo moja zaidi kuhusu kununua: usichimbe porini. Waridi la jangwani lenye shina nene la kuvutia huwa limeota miaka mingi, na likichimbwa na mizizi kukatwa hovyo, kwa kawaida hufa kwenye chungu cha mnunuzi. Mishubiri ya porini ilichumwa Kenya hadi mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku. Chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, karibu kaktasi zote na mishubiri yote, isipokuwa shubiri ya kawaida inayolimwa, haivuki mpaka bila kibali. Nunua mche uliooteshwa kitaluni.

Udongo: hapa ndipo penye kazi

Udongo wa bustani uliozoea kupandia maua mengine usiutumie peke yake. Unashika maji siku nyingi, na mizizi ya mimea hii inahitaji hewa.

Mchanganyiko ninaotumia hapa pwani, nikipima kwa kopo moja la rangi, ni huu: makopo 2 ya mchanga mnene wa mtoni, makopo 2 ya chenga za kokoto (zile ndogo kama punje za mahindi au pungufu), kopo 1 la mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, na nusu kopo ya chenga za mkaa. Anayeishi Arusha au Moshi abadilishe kokoto kwa vijiwe vyepesi vya volkano vyenye matundu, ni bora zaidi. Anayeishi Dodoma au Garissa, kwenye ukavu wa kweli, aongeze mboji hadi makopo 2, la sivyo chungu kitakauka kabla mizizi haijanywa.

Chekecha kila kitu. Vumbi la kokoto na vumbi la mkaa lote litoe, kwa sababu vumbi likiloa hugeuka kama saruji na kuziba nafasi za hewa. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa badala ya sehemu ya mboji, lakini kama yalifukiwa pwani kwenye maji ya bahari, yaloweke na kuyasuuza maji matamu mara tatu au nne kwanza.

Kisha pima. Jaza mchanganyiko kwenye chungu, mimina kikombe kimoja cha maji, na utazame. Maji yasitulie juu. Yatakiwa yazame mara moja, na ndani ya nusu dakika uyaone yakidondoka chini. Yakituama juu kama dimbwi, ongeza kokoto, upime tena.

Chungu

Chungu cha udongo wa kufinyanga ndicho bora, kwa kuwa kinapumua pembeni. Ndoo ya rangi iliyotobolewa inafaa pia, ila ukubali kumwagilia kwa nafasi zaidi. Tundu moja dogo halitoshi: toboa matundu matano kwa msumari uliochomwa moto, kila moja upana wa kidole cha mwisho. Funika matundu kwa kipande cha chandarua chakavu ili mchanga usimwagike.

Wengi wameambiwa waweke tabaka la mawe chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Haisaidii. Maji hukawia kuingia kwenye mawe kutoka kwenye udongo laini, hivyo eneo la matope hupanda juu tu, karibu zaidi na mizizi. Jaza mchanganyiko ule mmoja kuanzia chini hadi juu.

Kwa waridi la jangwani chagua chungu kipana kisicho na kina kirefu, kinachozidi shina kwa vidole vitatu hivi kila upande. Chungu kikubwa mno hubaki na maji mahali ambapo hakuna mizizi ya kuyanywa.

Kupanda, hatua kwa hatua

Mche ukifika nyumbani usiupande siku hiyohiyo. Utoe kwenye kifuko chake, kung'uta udongo wa kitaluni polepole, na ukague mizizi. Mzizi mzima ni mgumu na mweupe au rangi ya maziwa. Uliooza ni wa kahawia na unachubuka ganda ukiubana. Kata ulioharibika kwa kisu kilichofutwa spiriti hadi uone nyama safi.

Laza mche kivulini penye hewa, siku 3 hadi 7, vidonda vikauke. Anayeona hivyo mara ya kwanza huingiwa na hofu kuona mmea umelala barazani bila udongo wiki nzima. Hautakufa, una akiba yake.

Panda ukiwa mkavu kwenye udongo mkavu. Kwa waridi la jangwani, acha sehemu ya juu ya bonge la shina nje ya udongo, na kila utakapohamisha chungu, baada ya miaka miwili hivi, inua mmea sentimita 2 au 3 zaidi ili mizizi minene ionekane. Hapo ndipo mmea unapopata lile umbo la mtu mzee aliyekaa kitako.

Subiri siku 5 ndipo umwagilie kwa mara ya kwanza.

Jua

Saa sita za jua la moja kwa moja kwa siku ndicho kiwango cha chini kwa anayetaka maua. Waridi la jangwani linakaa vizuri hata siku nzima juani. Dirishani ndani ya nyumba halitachanua ipasavyo. Litarefuka na kupinda likitafuta mwanga, matawi yakawa membamba kama kamba.

Lakini mche uliokuwa chini ya neti ya kitalu ukiuweka ghafla kwenye jua la saa saba mchana, utaungua. Utaona mabaka meupe ambayo baadaye huwa ya kahawia, na hayapoi. Wiki ya kwanza uupe jua la asubuhi tu, wiki ya pili hadi saa sita, na wiki ya tatu uuache hapo moja kwa moja. Walioko Muscat au Dubai, kwenye majira yenye nyuzi 45, watandaze neti ya kivuli mchana. Hapo hata mmea wa jangwani kwenye chungu cha plastiki mizizi yake hupikwa.

Maji

Usimwagilie kwa kalenda. Chomeka kijiti cha mshikaki hadi karibu na chini ya chungu, kiache dakika 5, ukitoe. Kikitoka na ubaridi au chembe za udongo zilizoganda, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha mwaga yale yaliyobaki kwenye sahani. Ukishazoea utatambua kwa kunyanyua chungu tu, uzito utakwambia.

Kwangu inakuwa hivi: kaskazi ikivuma na jua kali la Januari hadi Machi, kila siku ya tatu au ya nne. Wakati wa kusi, mara moja kwa siku 10. Masika, vyungu vyote vinahamia upenuni na mvua haivigusi. Nyanda za juu, Juni hadi Agosti, waridi la jangwani linaweza kupukutisha majani kwa baridi. Likifanya hivyo, lipe maji kidogo mno, mara moja kwa wiki tatu, na uliingize ndani usiku ukiwa wa nyuzi 10 au chini ya hapo.

Bonyeza bonge la shina kwa kidole gumba kila wiki. Gumu, mmea una maji. Likilegea pande zote sawasawa na ngozi ikakunjamana, una kiu, na siku mbili baada ya kumwagilia litajaza. Likilegea upande mmoja, likawa na weusi au harufu, huko ni kuoza. Kutofautisha hizi mbili kutaokoa mimea mingi kuliko dawa yoyote, kwa sababu mtu akiona shina limelegea hukimbilia kopo la maji, na kama ni kuoza ndio anaumaliza.

Maji ya kisima yenye chumvichumvi, ambayo sisi wa pwani tunayajua sana, huacha ukoko mweupe mdomoni mwa chungu. Mara moja kwa miezi mitatu suuza chungu kwa maji ya mvua uliyokinga, mengi, yapite mara mbili.

Kuutayarisha mmea kwa maua ya kiangazi

Ratiba hii nimeifuata misimu kadhaa, na ni ya pwani; wewe isogeze kulingana na mvua zako.

Julai na Agosti, upumzishe mmea. Punguza maji hadi mara moja kwa wiki mbili na usitie mbolea. Majani mengi yatadondoka na utajisikia vibaya kuuona uchi. Uache.

Mwanzo wa Septemba, pogoa. Vaa glovu, kwa kuwa utomvu wa waridi la jangwani una sumu inayoshambulia moyo. Wawindaji wa Afrika Mashariki waliuchemsha kupaka mishale. Watoto na mbuzi wasifikie vipande. Kata kila tawi libaki na urefu wa sentimita 10 hadi 15, mkato uwe wa mshazari ili maji yasitulie, na upake kidonda unga wa mdalasini au mkaa uliosagwa. Maua hutoka kwenye ncha za matawi machanga, na tawi moja lililokatwa huleta mawili au matatu. Asiyepogoa anabaki na matawi marefu mawili yenye maua manne juu.

Wiki mbili baadaye rudisha maji taratibu, na machipukizi yakifika urefu wa kidole anza mbolea. Chagua yenye naitrojeni kidogo na fosfora na potashi zaidi, uikoroge nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi, na daima kwenye udongo uliokwishaloana. Urea iache kabisa: italeta majani makubwa laini, vidung'ata (wadudu weupe kama pamba) wakayafurahia, na ua usilione.

Kuanzia Novemba utaona matumba. Tumba la waridi la jangwani linakuja limejisokota kama ncha ya kitambaa kilichokamuliwa, la waridi iliyokolea. Siku linapofunguka, petali tano zinajisokotoa, kingo zikiwa zimekolea na katikati kupauka hadi weupe, na ukichungulia kooni utaona mistari myekundu ikielekea ndani na nyuzi nyembamba zimejikusanya kama vishada. Matumba yakianza, usikisogeze chungu wala usikiache kikauke kupita kiasi, yatadondoka. Januari hadi Machi, watu wanapojifungia kwenye feni, mmea wangu mmoja umewahi kuwa na maua zaidi ya 40 kwa pamoja.

Kaktasi ndogo za mviringo nazo zina kanuni hiyohiyo ya kupumzishwa kisha kunyweshwa. Kaktasi inayofuata haiifuati.

Malkia wa usiku

Huyu ni kaktasi wa misituni wa Amerika ya Kati, asiye na miiba ya kuchoma, mwenye mapande marefu bapa kama majani. Hapendi jua la mchana. Mweke chini ya mwembe au upande wa baraza unaopata jua la asubuhi, mwongezee mboji hadi nusu ya udongo, na usimwache akauke kabisa.

Ua lake hutoka pembeni mwa pande, kikonyo kikipinda kama mtemba. Siku ya kufunguka utaijua: tumba lililokuwa linatazama chini huinua kichwa na kuvimba jioni. Kwangu huanza kufunguka kama saa mbili usiku na kukamilika kati ya saa nne na saa sita, jeupe, pana kuliko kiganja, na harufu yake inavuka ukuta. Mwaka juzi bibi wa nyumba ya pili alikuja na khanga mabegani kuuliza nani anafukiza udi usiku ule. Nikamvutia kiti, tukakaa na ua hadi petali za juu zilipotanuka zote. Alfajiri limeshalegea, kwa hiyo usiahirishe kuliangalia.

Wadudu na kuoza

Vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye maungio ya majani, wafute kwa pamba iliyochovywa spiriti, kila siku ya tatu kwa wiki mbili. Utitiri mwekundu huja wakati wa ukavu, majani yakawa na vidoa vya njano na utando mwembamba. Nyunyiza maji kwa nguvu chini ya majani, kisha mafuta ya mwarobaini yaliyokorogwa na sabuni kidogo, jioni, jua likishazama. Ukikuta majani ya waridi la jangwani yameliwa usiku mmoja, tafuta kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa mawili ya samawati kama macho. Mwondoe kwa mkono. Mara nyingi ni mmoja tu.

Ukikuta sehemu iliyooza, toa mmea kwenye chungu siku hiyohiyo. Kata hadi nyama iwe nyeupe yote bila doa la kahawia, ukifuta kisu kwa spiriti kila mkato. Paka mdalasini, uning'inize kivulini wiki mbili, ndipo uupande upya. Nimewahi kubakiwa na robo ya shina, na sasa ni mmea mzima.

Ukikata mnyaa na jamaa zake, linda macho. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka na uende hospitali bila kungoja.

Kuotesha mbegu

Vipandikizi vya waridi la jangwani huota, ila shina lake la chini mara nyingi halinenepi vizuri. Anayetaka bonge aoteshe mbegu. Tunda huja mawili pamoja, yamepanuka kama pembe za ng'ombe. Yakianza kubadilika rangi, yafunge kwa uzi kuzunguka sehemu tatu, maana yakipasuka kila mbegu ina vishungi vya nyuzi pande zote mbili na upepo utazichukua zote mchana mmoja.

Laza mbegu juu ya mchanganyiko uleule uliochekechwa laini zaidi, nyunyiza mchanga mwembamba wa kuzifunika tu, na uweke mahali penye joto na mwanga bila jua kali. Mbegu mpya huchomoza ndani ya siku 3 hadi 7, na tangu siku ya kwanza utaona kijishina kimevimba kama njugu. Zipe maji kidogo kila zinapokauka juu, zihamishe zikiwa na majani sita, na ua la kwanza lisubiri mwaka mmoja hadi miwili. Rangi yake huijui hadi siku hiyo, kwa kuwa mbegu hazifuati rangi ya mama.